Sehemu ya Hamu

"Kiharusi kimegusa sehemu ndogo ya ubongo, ile inayoleta hamu," daktari aliniambia. "Ndiyo maana mumeo ameacha sigara na kamari kwa mpigo mmoja, bila hata kuhangaika."

Miaka thelathini nimepiga magoti kwa ajili ya hilo.

Leo asubuhi nimewasha sigara mwenyewe, nikampa. Vidole vyake viwili bado vina njano ya moshi. Akaitazama kama mali ya mtu mwingine, akanirudishia taratibu.

"Asante, mama watoto. Sina haja nayo."

Nikaizima. Nikaweka mkono wangu kiganjani mwake. Zamani angeubana mpaka nimwambie, "Mzee, unaniumiza."

Akautazama, akanirudishia taratibu.