Kikunio cha Mkono Mmoja

Nassoro aliutia mkono wake wa kulia mfukoni, kisha akaomba aonyeshwe vikunio vyote vya jibini vilivyomo dukani. Alikuwa amekuja na kipande chake ndani ya leso, kikavu, kigumu kama sabuni ya mche.

Kikunio cha bapa kiliteleza mezani. Cha pande nne kikaanguka. Cha kuzungusha kilitaka mkono wa pili wa kukishika.

"Baba, mbona mkono huo mwingine umeuficha?" aliuliza Bi Zuhra, mwenye duka.

"Nampimia mke wangu. Tangu apooze, wa kulia haumtii."

"Si umkunie wewe?"

"Namkunia kila siku. Jana kaisukuma sahani. Kasema yeye si mgeni kwenye jiko lake."

Bi Zuhra aliingia nyuma anakopikia, akarudi na mbuzi yake ya kukunia nazi, kibao kimeng'aa kwa miaka ya kukaliwa.

"Hii huishiki. Unaikalia tu."

Nassoro akaikalia. Haikusogea. Akaipitisha jibini kwenye meno ya chuma kwa mkono wa kushoto, taratibu, ikadondoka nyeupe kwenye sinia. Aliendelea kukuna hata baada ya kuona kwamba inafaa.

"Mpelekee," Bi Zuhra alisema. "Imeshazoea watu."

Alimsindikiza kwa macho kutoka mlangoni. Huko barabarani mtu alisimama, akamnyooshea Nassoro mkono wa salamu. Nassoro, mbuzi kwapani, wa kulia ungali mfukoni, akampa wa kushoto. Yule mtu akabaki kuutazama, asijue aupokee au aurudishe wake.