Matawi Barabarani

Tangu lami ilipowekwa, magari yalipita mbele ya jiko la Nyamizi kama yanayofukuzwa na nyuki. Zamani pale palikuwa na tope, na dereva aliyenasa hakuwa na la kufanya ila kutafuna hindi la kuchoma huku abiria wakisukuma. Leo tangu asubuhi hakuwa ameuza hata moja, na hindi likipoa halina mnunuzi. Uvumilivu ukamwishia. Akakata matawi, akayalaza barabarani, jinsi madereva wanavyofanya gari likiharibika mbele.

Lori la kwanza likasimama. Dereva akachungulia.

"Mama, gari limekufa wapi?"

"Hakuna gari. Kuna mahindi."

"Yaani umenisimamisha na shehena ya saruji kwa ajili ya mahindi?"

"Ungesimama kwa salamu? Mlipokuwa mnanasa hapa mlijua hadi majina ya wanangu. Sasa hata honi hampigi!"

"Mwanamke, una wazimu wewe!" Dereva akashuka, akayatupa matawi mtaroni.

Wakati huo basi likaja, likakuta lori limeziba njia, nalo likasimama. Madirisha yakafunguka.

"Mama, ya moto hayo? Lete mawili!"

"Na huku matatu!"

Dereva wa lori alikwisha kuwasha injini.

"Subiri, baba, subiri kidogo tu," alisema Nyamizi. Mkono mmoja umeushika mlango wa lori, mwingine umeinua mahindi juu, kuelekea madirishani.