Kaburi la Mgomba

“Bonifasi yuko hai!” Lugano aligonga meza, chai ikamwagikia chapati za watu. “Maiti hamjaonyeshwa, halafu mnasema kafa? Tamthilia mmeanza kuangalia leo?”

Nusu ya mgahawa ilimzomea, nusu ikampigia makofi. Tangu *Barabara ya Mapipa* ianze kuonyeshwa kwenye televisheni, biashara ya nyanya pale Ilula ilikuwa inalala kila jioni. Abiria walishuka kwenye mabasi wakakuta matenga hayana mwenyewe. Wauzaji wote walikuwa mgahawani kwa Anord, shingo juu, wanagombana kuhusu miaka ya sitini utadhani waliishi humo. Bonifasi alikuwa dereva wa zile enzi za kupeleka mapipa ya mafuta Zambia kwa barabara ya tope. Gari lake lilitumbukia korongoni likateketea, na ndugu zake, kwa kukosa mwili, wakazika mgomba.

Anord mwenyewe hakuzomea wala hakupiga makofi. Alisimama na birika mkononi, ameduwaa. Nyuma ya mgahawa wake kulikuwa na kaburi, ambalo mama yake alikuja kulijengea saruji, lenye jina la Liberatus, baba yake, dereva wa mapipa aliyetumbukia kwenye korongo la Kitonga kabla Anord hajazaliwa. Hakikupatikana hata kifungo cha shati. Padri alikataa kuja kuuombea mgomba, basi wanaukoo wakauzika wenyewe, na Ilula nzima ilijua.

Maisha yake yote alikuwa mtoto wa shujaa. Sasa tamthilia ilimnyima raha. Kama Bonifasi yuko hai, je, Liberatus? Na kama Liberatus yuko hai, mbona hakuwahi kuja kumwona mwanawe, mpaka mwana mwenyewe ameota mvi?

“Mama, wewe unasemaje?” aliuliza.

Bibi Faustina alikuwa pembeni anachambua nyanya, mbovu huku, nzima kule. Hakuwahi kukosa hata sehemu moja ya tamthilia ile, ingawa hakuiangalia kama wenzake. Siku Bonifasi alipompiga mkewe kwa spana, wanawake wote waliguna, yeye akasema tu, “Spana haishikwi hivyo.” Watu wakacheka. Mke wa dereva huyo, vifaa vya gari anavijua.

“Amekufa,” alijibu sasa, bila kuinua macho. “Muacheni apumzike.”

Lakini katika sehemu ya mwisho Bonifasi alirudi. Alirudi mchana kweupe, kijiji kizima kikimpokea kwa ngoma na vigelegele. Lugano alipanda juu ya benchi akacheza. Anord alilia mbele ya wateja wake, wala hakuona haya.

“Hawarudi hivyo,” Bibi Faustina alisema.

“Wanarudije, bibi?” mmoja akamtania.

Bibi aliinuka akaenda kufunika nyanya zake, na mvua yenyewe haikuwepo.

Kesho yake Lugano, ambaye alikuwa mtu wa Mbeya na kazi yake kusafirisha nyanya hadi Tunduma mpakani, alimvuta Anord kando. Ng'ambo ya mpaka, alisema, kuna mzee aliyekuwa dereva zamani. Anasema ametoka Iringa, ila ukoo wake hautaji. “Kaka, sura ni yako kabisa.”

Anord alifungasha begi siku hiyohiyo. Aliyemzuia ni baba yake mdogo, Mzee Sosthenes, aliyeuzika ule mgomba akiwa kijana.

“Huwezi kwenda kumwamkia mtu ambaye huku ana kaburi,” alisema. “Utamuua kweli. Kwanza tuutoe mgomba tuuchome, ndipo uende.”

Bibi Faustina aliposikia, alitandika kitenge juu ya kaburi akakaa. Chai alikataa. Uji alikataa. “Nikifa mtafukua,” alisema. “Si mbali.”

Anord hakuwahi kumkaidi mama yake. Mwanamke huyu alikuwa mjane tangu usichana, amemsomesha kwa nyanya, na wanaume wote waliomposa aliwafukuza. Lakini safari hii begi hakulifungua. Alipiga magoti mbele yake.

“Mama, sina ninalotaka kwake. Nataka kujua kama alinikimbia. Hilo tu.”

Bibi alimtazama, akamtazama tena, kisha akampangusa vumbi begani kama alivyokuwa akimpangusa akienda shule.

“Hakukukimbia, mwanangu. Alikuwa hata hajui kama upo.”

Akainuka, akachukua kitenge chake, akawapisha.

Anord na Lugano walivunja saruji, wakaanza kuchimba. Mzee Sosthenes aliwasimamia huku amejiegemeza kwenye fimbo. “Taratibu. Hatukuchimba kina sisi, mgomba tu ule. Utakuwa umeshageuka udongo.”

Hawakufika mbali. Jembe la Anord liligonga kitu kikavu. Aliinama akafukua kwa vidole. Ulijitokeza ubavu mmoja, wa pili, halafu taya lenye meno yake.

Lugano alirudi nyumanyuma mpaka akagonga ukuta. “Mzee, huu si mgomba.”

“Haiwezekani!” Mzee Sosthenes alipiga fimbo chini. “Mgomba niliulaza mimi, humu humu, kwa mikono yangu!”

Bibi Faustina alimaliza kukunja kitenge chake.

“Uko palepale ulipoulaza, shemeji,” alisema. “Uko chini yake.”