Komeo Hayumo Pichani

Pigo moja tu la nondo lilitosha. Mhariri alianguka pamoja na kiti chake, miwani ikaruka hadi chini ya meza ya chai, na damu ikaanza kumchuruzika mdomoni.

"Nani mwingine ana swali?" Komeo aliuliza, akiifuta nondo yake kwenye pazia la ofisi.

Aliyebaki amesimama ni fundi wa picha peke yake, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza zile picha pana zinazokaa juu ya kila habari kwenye tovuti yao ndogo. Mpiga picha alikuwa hospitalini tangu asubuhi, mkono umevunjwa na kamera imesagwa kwa kisigino. Lakini kabla hajadakwa alikuwa ameshatuma picha moja, na Komeo alikuwa amepata habari zake.

Kule sokoni, ng'ambo ya barabara, jina la Komeo lilijulikana na kila mtu, maana akipita tu maduka yanafungwa. Sura yake ndiyo hakuna aliyekubali kuijua. Asubuhi hiyo alimpasua fundi viatu kichwa mchana kweupe, kisa mzee amekataa kuhama kibarazani pake, na soko zima likadai lilikuwa linatazama upande wa pili. Mzee alikata roho palepale. Binti yake, mwenye duka la fotokopi hapohapo sokoni, alikuwa amepiga simu ofisini hadi sauti ikamkauka: jamani, nionyesheni tu aliyemuua baba yangu.

Shahidi pekee aliyebaki ni ile picha. Sasa ilikuwa mbele yao kwenye kioo cha kompyuta. Mzee amepiga magoti, kiatu cha mteja bado kiko mkononi, damu imemfunika jicho. Kushoto kabisa amesimama Komeo, nondo juu, meno yote nje kama bwana harusi.

"Iwekeni," alisema Komeo. "Nataka watu waione hiyo damu, wajue kwamba mimi sikataliwi. Ila mimi mwenyewe nisiwemo. Hata kivuli."

Mhariri alikuwa amekataa, na mmeona alichovuna.

"Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, kaka. Usinipige tu, nina watoto."

Aliogopa, asikudanganye mtu. Alijichukia kwa jinsi sauti yake ilivyotoka nyembamba. Akaketi, akashika kipanya, akaanza kazi.

Picha za juu ya habari ni pana na fupi, kwa hiyo lazima ukate juu na chini. Akakata mawingu na paa za vibanda. Akakata vumbi na ndala zilizotupwa na watu waliokimbia. Kisha akamsogeza mzee hadi katikati kabisa, mahali ambapo yeye huweka kila kitu ambacho hakitakiwi kupotea. Komeo alikuwa amemwegemea begani, anamhemea shingoni, na ile nondo ilikuwa baridi shavuni.

"Mbona mimi bado najiona?"

"Subiri kidogo, kaka." Akafungua kidirisha chenye umbo la simu. Ndani yake alikuwemo mzee peke yake, na damu yake. "Wasomaji wetu wataiona hivi."

Komeo alikikodolea macho kile kidirisha, akaridhika. "Bandika."

Akabandika.

"Na ile iliyotumwa, futa."

Akafuta. Akaambiwa afute hadi kwenye pipa la taka la kompyuta, akafuta huko pia, machozi yakimdondokea kwenye vibonyezo.

"Sasa, nyie watu wa kompyuta mimi siwaamini," Komeo alisema. "Naangalia mwenyewe." Akatoa simu yake mfukoni, akaifungua tovuti, akaivuta picha kwa vidole huku na huku akijitafuta. Hakujikuta. Akacheka hadi akakohoa. "Kumbe mtu akitishwa kidogo anaijua kazi."

Alipokuwa anatoka alimpiga mhariri teke la mbavu, moja la kuagia, na mfupa ukasikika ukilia. Kisha akashika ngazi bila haraka, anapiga mluzi. Lifti ilikuwa mbovu siku nyingi, na ghorofa zilikuwa tano.

Mhariri alijivuta hadi kwenye mguu wa meza, akatema jino. "Umemuua yule mzee mara ya pili," alisema, na kila neno lilitoka na damu. "Binti yake utamwambia nini?"

Mwanamke alikuwa anasikiliza ule mluzi ukishuka. Simu ya mezani ikaita, naye akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, ili mhariri naye asikie.

"Dada," ilisema sauti iliyokauka ya binti wa fundi viatu. "Kwenye simu yangu nilimwona baba tu. Nimeifungua hapa kwenye kompyuta ya dukani, picha imetanuka hadi pembeni, kule simu ilikokata. Huyu wa kushoto, mwenye nondo, anayecheka. Ndiye?"

"Ndiye."

Nyuma ya sauti ya binti wanaume walikuwa wanasogeza viti.

"Kaka zangu wako hapa," binti alisema. "Wamekuja moja kwa moja kutoka machinjioni, hata visu hawajaviacha. Tumpate wapi?"

Fundi wa picha alisogea dirishani, akatazama chini, kwenye mlango wa jengo.

"Vukeni barabara," alisema. "Anashuka ngazi zetu."