Kinyonga Aliyesoma Ugenini

Kinyonga alipewa kibali cha kusoma katika msitu wa ng'ambo, kwa sharti kwamba aonekane darasani kila asubuhi. Wenyeji waliicheka rangi yake, naye kwa haya akajigeuza rangi ya dawati lake. Hakukosa somo hata moja. Lakini Kanga, mkaguzi wa mahudhurio, kila akipita aliona dawati tupu, mwishowe akamfutia kibali.

"Mama Kanga, mimi nipo! Nimekuwapo siku zote," Kinyonga akalia.

"Sauti naisikia, mwanangu, ila sheria inataka nikuone. Rudia rangi yako."

Kinyonga akajikaza, akajaribu kijani, akajaribu kahawia. Rangi aliyozaliwa nayo alikuwa ameisahau. Akafukuzwa, na alipofika kwao, mama yake akampita njiani asimjue.