Chuma Kilicholiwa na Kutu

Akiwa amelala chini ya gari, Gwakisa alibonyeza kwa kidole gumba kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele, kidole kikazama. Kutu ilikuwa imekila hadi ndani.

"Fundi, ni shokapu tu, eti?" mwenye gari aliuliza. "Haya matuta yananiua. Nikivuka moja tu, gari linagonga. Kazakaza, mchana tuwe Iringa."

Kutoka uvunguni, Gwakisa aliona miguu ya mwanamke ikisogea karibu na ya yule bwana. Aliijua. Alikuwa amemchumbia mwanamke huyo miaka mitatu, mpaka wazazi wa mwanamke waliposema fundi gereji wa Uyole hana mbele wala nyuma.

"Mume wangu naye! Kila tuta anagombana nalo," mwanamke alisema, akacheka kicheko ambacho Gwakisa alidhani ni chake peke yake.

Angesema "tayari" tu, wangeondoka, na gurudumu lingechomoka kabla ya Chimala.

Alitoka uvunguni.

"Haliendi popote. Chuma kimeoza. Kupata kingine ni hadi jioni."

Mwanamke alimtambua, akainamisha macho. Yule bwana akafuta vumbi kwenye benchi la Gwakisa, akamketisha mkewe, akamfunika mabega kwa koti lake.