Kilo ya Leta

Pulchérie alishika mkebe wa Bertin, mchuuzi wa mabati, akauchora ubavuni mikato mitatu kwa kisu mbele ya soko zima la Mboko, kando ya ziwa, kisha akamrudishia.

“Hii iko alama,” alisema. “Siku Leta itafika, nitaionyesha.”

Bertin alicheka. Mkebe wake wa maziwa ya unga ulikuwa umegongwa nyundo kwa ndani hadi ukaota kitambi. Watu walisema kuku aliwahi kutagia humo akapotea njia ya kutokea. Ndio aliopimia unga wa muhogo alioununua kwa mabati ya paa: mikebe hamsini, bati moja. Kwa mkebe wa nyumbani, unga wa Pulchérie ulikuwa mikebe sitini. Kwa Bertin ukawa arobaini na nane. Kila mwaka arobaini na nane, bila bati. Na kila masika mvua ilimkimbiza yeye na mjukuu wake Divine kutoka pembe hii ya chumba hadi ile, chini ya hema lililotoboka.

Mara nne alitembea hadi mji wa Baraka na barua, kuiomba Leta, hiyo Serikali yetu isiyoonekana, jambo moja tu: soko lipime kwa kilo, tena kwa amri.

Mwaka wa sita amri ikaja. Ajenti Raphaël wa Leta alishuka na mizani ya sahani mbili, akakusanya mikebe yote. Bertin alikuwa wa kwanza kutoa wake, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Pulchérie alitaka kuonyesha ile mikato. Ajenti akasema haina haja tena, mikebe imekufa. Jiwe la mizani ndilo lililokosekana. Wasubiri siku tatu.

Siku ya nne jiwe lilikuwa mezani, la buluu, bado linanuka rangi. Bamama walipanga foleni kulijaribu.

“Kumbe kilo iko hivi,” alisema Émilienne, muuza chumvi. “Iko nzito kupita bwana yangu.”

Bertin alitangaza kwamba bei haijabadilika. Kilo hamsini, bati moja.

Pulchérie alimimina. Sahani haikushuka. Akamimina tena, na tena, hadi unga ukawa mlima. Wenzake walimtuliza: macho yamezoea mikebe, nani hapa aliwahi kuona kilo? Aliona haya kubisha. Ni yeye aliyeiomba.

Gunia likaisha.

“Kumi na tatu, mama,” alisema Raphaël kwa heshima.

Bertin alikuwa anatazama ziwa. “Si we ulitaka kilo?”

Pulchérie aliomba alishike jiwe, mara moja tu. Rangi, iliyokuwa haijakauka vizuri, ikabaki viganjani mwake. Akaligeuza: mdomoni, simenti. Vidole vyake vikapapasa ubavu, chini ya buluu: moja, mbili, tatu.